Shingo Upande: Msemo na Maradhi

Miongoni mwa misemo ambayo sisi walimu wa Kiswahili huifundisha mwaka hata mwaka, huu wa "shingo upande" una nafasi yake. Mwanafunzi huambiwa kwamba mtu aliyekubali jambo shingo upande amelikubali bila ya ridhaa ya moyo. Ulimi umesema ndiyo, ilhali shingo imekwisha kugeuka kando. Twauandika ubaoni, mwanafunzi anautungia sentensi, kengele inalia, na kipindi kinakwisha. Aghalabu hapana anayeuliza iwapo yupo mtu ambaye shingo yake kweli iko upande, usiku na mchana, pasipo yeye kukubali wala kukataa lolote. Yupo, naye ni mtoto mchanga ambaye msuli mmoja wa shingo yake umekuwa mfupi kuliko wa pili. Katika makala haya twapenda kuwaeleza walimu wenzetu habari za maradhi hayo na namna yanavyotibiwa, kwa kuwa yaliingia nyumbani mwetu, na kwa kuwa tuliona jinsi uhaba wa maneno unavyoweza kumchelewesha mgonjwa asipate dawa.

Tusemapo "sisi" twakusudia mume na mke, wote wawili walimu wa Kiswahili katika mji wa Busia, upande wa Uganda. Kitindamimba wetu, binti, alizaliwa mwaka 2022, mwaka ule ule ambao Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kiwe somo la lazima shuleni. Alitanguliza matako badala ya kichwa, na uzazi wake ulikuwa mgumu. Tulishukuru kwamba mama na mtoto walitoka salama, tukarudi nyumbani. Juma la tatu lilipotimia tuliona kwamba kila alazwapo chali, kichwa chake huinamia bega la kulia, na uso huelekea kushoto. Tukiugeuza kulia, hurudi kushoto kama mlango wenye bawaba kaidi. Akinyonya, alilipenda ziwa moja na kulikataa la pili kwa kilio. Tena, tulipompapasa ubavu wa kulia wa shingo, vidole vilikutana na kitu kigumu chini ya ngozi, mfano wa punje kubwa ya njugu mawe.

Tulimpeleka katika kituo kimoja cha afya. Aliyetupokea alimtazama mtoto akiwa bado mikononi mwa mama yake, akasema: "Walimu, nendeni nyumbani, itanyooka yenyewe." Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu, maana wako watoto ambao huinamisha kichwa kwa mazoea ya kulala upande mmoja tu, na hao hupona upesi. Lakini shingo ya mtoto haikuguswa, kichwa hakikugeuzwa, na lile vimbe halikuulizwa. Tulitoka pale tukiwa na jibu ambalo halikutanguliwa na uchunguzi. Mwalimu anayesahihisha daftari bila ya kulifungua tunamjua sote, na alama zake tunazijua.

Nyumbani nako hapakuwa na utulivu. Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, ni Msamia aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza samaki wakavu katika masoko ya pande zote mbili za mpaka. Tulipomwambia, "Mama, mjukuu wako ana shingo upande," alituangalia kwa muda kisha akasema: "Wanangu, msimseme mtoto hivyo. Huyu hakuletwa duniani kwa nguvu." Hapo tulitanabahi kwamba msemo ule tunaoufundisha kwa wepesi darasani umebeba hukumu ndani yake. Kwa sikio la mzee, kumwambia mtoto ana shingo upande ni sawa na kumshitaki kwamba amekuja kwetu bila ya kupenda. Toka siku hiyo tukawa twasema tu kwamba shingo "imepinda", au kwamba msuli "umekaza", na mazungumzo yakawezekana.

Hata hivyo Bibi alikuwa na shauri lake. Mtaani kulikuwa na mzee mkandaji ambaye sifa zake zilienea; mikono yake ilikuwa na nguvu, na watu walisema alikuwa akizinyoosha shingo kwa mvuto mmoja. Bibi alitaka mtoto apelekwe huko kabla ya mwezi kuandama. Sisi tulikataa. Mzozo ukaingia nyumbani, mzozo wa kimya, ambao watu hula chakula kimoja na kutazama ukuta mbalimbali. Hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mjukuu wake, na aliona kwamba wenye elimu wamekaa tu na jibu la "itanyooka yenyewe". Nasi hatukuwa na hoja ya kumpa ila hofu. Basi mtoto alipotimiza majuma saba tulipanda gari la abiria alfajiri kwenda katika hospitali ya rufaa, na Bibi tulimwomba afuatane nasi. Alikubali. Tunaweza kusema kwamba alikubali kwa namna ile ile ambayo msemo wetu unaieleza.

Tuliyemkuta huko alikuwa tabibu wa viungo, kijana mpole, ambaye Kiswahili chake alikipata shuleni. Alimvua mtoto nguo zote, akamlaza chali, akamgeuza, akampapasa shingo, mitulinga, mgongo na miguu. Kisha, badala ya kutueleza sisi walimu, alimgeukia Bibi. "Bibi," alimwambia, "geuza uso wako kushoto, halafu gusa shingo yako upande wa kulia." Bibi akafanya hivyo, akaukuta mshipi mnene uliosimama chini ya ngozi, kutoka nyuma ya sikio kushuka hadi kidarini. Msomaji naye na ajaribu sasa hivi, aone.

Msuli huo ndio wenye kesi. Juu umeshikamana na mfupa ulio nyuma ya sikio. Chini umegawanyika mashina mawili, moja kwenye mfupa wa kidari na moja kwenye mtulinga. Jina lake katika vitabu vya utabibu ni refu la kutisha, lakini ukilifumua utaona kwamba ni majina ya mifupa hiyo mitatu yaliyoshonwa pamoja. Kila mtu anayo misuli hiyo miwili, kulia na kushoto. Wa kulia ukijikunja, sikio la kulia husogea kwenye bega la kulia, na kidevu huelekea kushoto. Basi msuli huo ukiwa mfupi tangu uchanga, mtoto hukaa katika umbo hilo daima. Madaktari huyaita maradhi haya tortikolisi, jina lililotokana na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya shingo iliyosokotwa. Lile vimbe tulilolipapasa ni nyuzi ngumu zilizojitunga ndani ya msuli wenyewe. Si kila mtoto mwenye maradhi haya huwa nalo. Aliye nalo, huonekana katika majuma ya mwanzo, hukua kidogo, kisha hunywea katika muda wa miezi, wala si saratani.

Na chanzo chake? Wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu moja. Yamkini mtoto alibanwa tumboni kwa muda mrefu katika mlalo mmoja. Yamkini msuli uliumia au ulipungukiwa na damu kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Lijulikanalo ni kwamba hali hii huonekana zaidi kwa watoto waliotanguliza matako na kwa wale ambao uzazi wao ulikuwa na mashaka. Hapana mama aliyeileta kwa kulala vibaya, wala kwa kuangalia kitu kiovu, wala kwa kugombana na mtu. Tabibu alilisema hili mara mbili, na mara ya pili alilisema akimtazama mama wa mtoto.

Jambo jingine alilolifanya lilitushangaza: alichukua muda mrefu kuchunguza nyonga. Alikunja magoti ya mtoto, akayapanua, akasikiliza kwa mikono yake. Alitueleza kwamba watoto wenye shingo iliyopinda wako katika hatari zaidi kuliko wengine ya kuwa na nyonga ambazo hazikukaa barabara katika matundu yake, hasa wakiwa wametanguliza matako. Mtoto huyo alipelekwa kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, na kwa rehema za Mungu nyonga zake zilikuwa sawa. Lakini tangu hapo kila mzazi anayetuuliza habari ya shingo humwambia: omba na nyonga zitazamwe.

Sasa tuingie katika tiba yenyewe, ambayo kwa watoto wengi haina sindano wala kisu. Ni mazoezi, ulazaji na subira. Kwa mtoto wetu ambaye msuli wake mfupi ulikuwa wa kulia, tulifundishwa hivi. Mmoja humlaza chali na kulituliza bega la kulia kwa kiganja. Mkono wa pili hukishika kichwa kama mtu anavyoshika kibuyu kilichojaa, ukakiinamisha taratibu upande wa kushoto, mpaka sikio la kushoto likaribie bega la kushoto. Hukaa hapo huku mtu akihesabu polepole, kisha hukirudisha. Zoezi la pili ni kuugeuza uso kulia, mpaka kidevu kielekee bega la kulia. Mikono haivuti, husindikiza. Mtoto akilia kwa maumivu, au akikakamaa, mtu huacha. Mazoezi hurudiwa mara kadhaa kwa siku, nasi tuliyafungamanisha na kubadilisha nepi ili yasisahauliwe.

Hapa pana onyo ambalo twalisisitiza. Haya tumeyaandika ili msomaji aelewe, wala si ili amshike mtoto na kuanza. Shingo hupinda kwa sababu nyingi. Wako watoto ambao mifupa ya shingo yao imeungana vibaya tangu tumboni, na kunyoosha shingo ya namna hiyo ni hatari kubwa. Lazima kwanza mtaalamu amchunguze mtoto, kisha awafundishe wazazi kwa mikono, naye aone mikono yao ikifanya kazi. Na kule kuvuta kwa nguvu mara moja, kama kulivyosifiwa mtaani kwetu, tabibu alikukataza kabisa.

Nusu ya pili ya tiba iko katika maisha ya kila siku, na hapo ndipo Bibi alipokuwa mwalimu wetu. Mtoto aliyezoea kutazama kushoto sharti apewe sababu ya kutazama kulia. Kitanda chake kiligeuzwa ili mlango na mwanga viwe kuliani kwake. Kila aliyetaka kumsemesha alipita upande wa kulia. Awapo macho, na mtu yuko karibu naye, alilazwa kifudifudi kwa muda mfupi mfupi mara nyingi kwa siku, ili ajifunze kukiinua kichwa na kuipa nguvu misuli ya pande zote mbili. Usingizini alilazwa chali, kama inavyoshauriwa kwa watoto wachanga wote, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafula. Bibi aliwaza juu ya mbeleko. Aliona kwamba mtoto akibebwa mgongoni hulaza shavu na kutazama upande aupendao. Basi yeye kila alipombeba alimlaza shavu hivi kwamba uso uelekee kulia, akatembea huku na huko akimwimbia. Tabibu, alipoonyeshwa, alicheka kwa furaha, akasema hilo atawafundisha kina mama wengine.

Sisi tulikuwa madarasani tangu asubuhi hadi alasiri. Mazoezi mengi yalifanywa na mikono ile ile iliyokuwa ikitaka kumpeleka mtoto kwa mkandaji. Bibi alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Tukirudi, hutupa hesabu ya siku kama mweka hazina. Mzozo wa kimya ulikwisha bila ya mtu kuomba suluhu. Tumefikiri sana juu ya hilo. Kijana yule hakumshinda mzee kwa hoja. Alimpa elimu kupitia shingo yake mwenyewe, kisha akamkabidhi kazi. Walimu tunao wajibu wa kujiuliza ni mara ngapi tumewakabidhi wanafunzi wetu hoja tu.

Mwezi wa tatu vimbe lilikuwa limepungua, na kisogo cha upande wa kushoto, ambacho kilikuwa kimeanza kubonyea kwa kulaliwa daima, kilianza kurudi katika mviringo wake. Mwezi wa tano mtoto aligeuza uso kulia mwenyewe kumfuata paka. Tuliendelea kumrudisha kwa tabibu mpaka alipotembea, kwa maana yako mainamo yanayorejea mtoto anapochoka au anapougua.

Methali yetu yasema, samaki mkunje angali mbichi. Na nyingine, udongo uwahi ungali maji. Katika jambo hili methali na utabibu vimeshikana mikono. Tiba ikianza mapema, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, watoto walio wengi sana, yapata 9 katika kila 10, hupona kwa mazoezi peke yake. Ikichelewa, msuli huzidi kukakamaa, kichwa na hata uso huweza kukua bila ulinganifu, na wachache ambao hawakunyooka baada ya mwaka mmoja huhitaji upasuaji wa kuurefusha msuli. Upasuaji huo upo na husaidia, lakini ni njia ndefu kuliko ile ya kuhesabu mpaka thelathini kitandani.

Tusimalize bila ya kutaja dalili ambazo hazingoji. Shingo ikipinda ghafula kwa mtoto ambaye hapo kwanza alikuwa mzima. Ikifuatana na homa, au kushindwa kumeza, au kutapika mara kwa mara, au kuyumba katika kutembea. Au ikianza baada ya kuanguka: hapo mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni uchafu uliotunga kooni, au ugonjwa wa uti wa mgongo, au jambo la ubongo, na hakuna zoezi la nyumbani linalofaa.

Iko pia habari inayotuhusu sisi wa chaki moja kwa moja. Mara nyingine msuli wa shingo ni mzima kabisa, na kosa liko katika msuli mmoja wapo wa jicho. Mtoto wa namna hiyo huona vitu viwili pahali pa kimoja, naye hujifunza kuinamisha kichwa ili picha mbili ziungane. Akifumba jicho moja, shingo mara nyingi hunyooka. Mwanafunzi huyo tunaye madarasani. Anatazama ubao kwa kichwa kilichoinama, nasi twamwambia "Kaa sawa!", pengine twadhani ana kiburi, kwamba anatusikiliza shingo upande. Kumbe ndiyo njia yake pekee ya kusoma tulichoandika. Kabla ya kumkemea, na amwone mtaalamu wa macho.

Ndugu walimu, mji wetu wa Busia ndio uliotoa neno "bodaboda", kutokana na vijana waliokuwa wakipakia watu kwa baiskeli toka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Neno hilo halikusubiri kamati. Watu walikuwa na haja nalo, wakaliunda, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima. Haja ya maneno ya afya ni kubwa kuliko hiyo. Kiswahili tayari kinayo mitulinga, kidari, kisogo, nyonga na ukosi. Lakini ni wanafunzi wangapi wa sekondari wanaoweza kuuonyesha mtulinga wao? Na katika mazungumzo ya kila siku msuli ni "mshipa", na ukano ni "mshipa", na njia ya damu nayo ni "mshipa", hata mgonjwa akisema mshipa wamuuma, daktari hana budi kuuliza upya.

Twapendekeza basi kwamba somo la viungo vya mwili lisikomee kwenye kichwa, mabega, magoti na vidole. Mwalimu awaambie wanafunzi wageuze uso kushoto, waguse upande wa kulia, wautaje msuli, mtulinga na kidari kwa majina yake. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Katika darasa la wanafunzi 60 hapakosi wachache watakaokuwa wazazi wa mtoto aliyezaliwa na shingo iliyopinda, au shangazi zake, au wakunga wake. Siku hiyo watakuwa na maneno ya kumweleza tabibu ni nini walichokiona, na wapi, na tangu lini. Na mwenye maneno hayo si rahisi kurudishwa nyumbani bila ya mtoto wake kuguswa.